Usifomati, Mwanangu: Kompyuta ya Ndani Bado Ipo

KARAKANA YA KOMPYUTA: Barua zenu na majibu yangu

*Shikamoo Bi. Fundi. Natunza hesabu za maduka manane, mengine hapa Tabata na mengine Buguruni. Laptopu yangu ni ya mtumba, nilinunua Kariakoo, ina RAM ya GB 8 na natumia Ubuntu, yaani Linux badala ya Windows. Programu ya hesabu inataka Windows, kwa hiyo niliweka Windows 10 ndani ya VirtualBox, ile programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Ijumaa nilijiunga bando la usiku nikapandisha Ubuntu kutoka 22.04 kwenda 24.04. Asubuhi kila kitu kikawa kizuri, isipokuwa Windows ya ndani. Nikiiwasha naambiwa draiva ya kerneli haipo, namba -1908, niendeshe /sbin/vboxconfig. Nimeiendesha mara tano, kila mara inagoma. Fundi wa mtaani kwetu anasema dawa ni kufomati nianze upya. Wateja wangu wawili wamesajiliwa VAT na ritani zao mwisho tarehe 20. Nimebakiza siku sita. Nifanyeje?*
*Mtunza hesabu, Tabata*

Marahaba mwanangu. Barua yako sikuiacha isubiri jarida litoke. Nilikupigia simu jioni ile ile, na kesho yake ukapanda ngazi hadi kwangu hapa Mtaa wa Narung'ombe ukiwa umekumbatia begi kama mtu aliyebeba mgonjwa. Umeniruhusu nieleze tulichofanya, maana barua za namna yako zimenijia nyingine nne, na wawili kati ya hao walioandika walikuwa wameshafomati.

Jambo la kwanza nililokuambia kwenye simu nalirudia hapa kwa herufi nzito kama mhariri atakubali: usifomati, usifute, usiweke upya chochote. Windows yako ya ndani haikuharibika. Ile mashine pepe, kompyuta nzima unayoiona ikiwaka ndani ya dirisha, kwa Ubuntu ni folda tu. Inakaa kwenye folda lako la nyumbani, kwa jina "VirtualBox VMs". Ndani yake kuna faili moja kubwa linaloishia na .vdi, hilo ndilo diski ya Windows, na faili dogo linaloishia na .vbox lenye maelezo ya RAM, kadi ya mtandao na mengineyo. Faili lako la vdi lilikuwa na GB 62. Hesabu za maduka manane zilikuwa zimekaa humo zimetulia, hazina habari kama huku nje kuna kelele.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mwaka 2011 nilifomati kompyuta ya duka la dawa Magomeni. Tatizo lilikuwa dogo, sawa na lako. Nilikuwa na haraka, mwenye duka alinihakikishia kwamba kila kitu amekinakili kwenye flashi, nami sikuifungua ile flashi nikaangalia. Ilikuwa na picha za harusi. Rekodi za dawa za miaka mitatu zilipotea, na yule mama alikaa kwenye kiti changu akalia bila sauti. Tangu siku hiyo hakuna kompyuta inayoguswa hapa kabla mimi mwenyewe sijanakili na kufungua nilichonakili.

Kwa hiyo saa nzima ya kwanza hatukutengeneza kitu. Tulichomeka diski ya nje tukanakili folda lote la "VirtualBox VMs". Angalia kwanza kama diski yako ya nje imefomatiwa kwa FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na vdi ni kubwa kuliko hapo. Exfat au ext4 itakufaa. Tulipomaliza nililinganisha ukubwa wa faili pande zote mbili, baiti kwa baiti. Ndipo nikaagiza chai.

Sasa kwa nini iligoma? VirtualBox haifanyi kazi peke yake kama programu ya kuandikia barua. Ina sehemu inayoingia hadi kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux chenyewe, ili ipate kushika prosesa moja kwa moja. Sehemu hiyo inaitwa moduli, na jina lake ni vboxdrv. Chukulia seremala amekuchongea mlango kwa kipimo cha fremu ya zamani. Ukibomoa fremu ukajenga mpya, mlango haujavunjika na vitu vya chumbani viko pale pale, ila mlango haukai. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wenzake wanalinda sana programu za kawaida zisivunjike kerneli inapobadilika, lakini mpangilio wa ndani ya kerneli yenyewe hawauahidi kwa mtu. Wanaubadilisha wanapoona inafaa. Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na moduli yoyote inayotoka nje ya kerneli lazima ichongwe upya kwa kila moja.

Kazi ya kuchonga upya ndiyo inayofanywa na /sbin/vboxconfig. Ili ifanye hivyo inahitaji vitu vitatu: vifaa vya kukompaili (kugeuza msimbo uwe programu), faili za heda, yaani vipimo vya kerneli unayoitumia, na msimbo wa VirtualBox unaoielewa kerneli hiyo. Mafundi wengi huanza na cha pili, nami pia. Tuliandika:

uname -r

Ikatuambia 6.8. Kabla ya kupandisha ulikuwa na 5.15. Tukaandika:

sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)

Ubuntu ikajibu kwamba vyote vimeshawekwa. Kwa wasomaji wengine hapa ndipo safari ingeishia: ukikuta heda hazikuwepo, ziweke, endesha sudo /sbin/vboxconfig, umemaliza. Kwako haikuwa hivyo.

Nikafungua logi, yaani faili la kumbukumbu za kazi, /var/log/vbox-setup.log, ile uliyoambiwa uisome ukaiogopa. Huna haja ya kuielewa yote. Shuka chini, tafuta mstari wa kwanza wenye neno error. Yako ilijaa makosa ya kukompaili, na juu kabisa ilionyesha kwamba VirtualBox yako ni 6.1, tena ya mwaka 2022. Hapo nikaliona tatizo. Familia ya 6.1 ilianza Desemba 2019, na toleo lake la mwisho lilitoka Januari 2024. Kerneli ya 6.8 ilitoka Machi 2024. Ulikuwa unamwambia seremala aliyeondoka kazini apime fremu iliyojengwa baada yake. Ungeendesha ile amri mara mia, jibu lingekuwa lile lile.

Utauliza kwa nini kupandisha Ubuntu hakukupandisha na VirtualBox. Kwa sababu VirtualBox yako uliichukua moja kwa moja kutoka hazina, yaani ghala la programu, la Oracle, kampuni inayoitengeneza. Ubuntu inapopanda toleo huzima hazina zote zisizo zake, kwa usalama, na haiziwashi tena. Hutangaziwa kwa sauti kubwa. Ni kijimaandishi kimoja katikati ya usiku, na wewe ulikuwa umelala huku bando likifanya kazi.

Kabla sijaitoa 6.1 nilikuuliza swali moja: mara ya mwisho Windows uliizima, au ulifunga dirisha tu? Ukasema ulifunga dirisha ukachagua kuhifadhi hali ilivyo. Nilijua utasema hivyo, wengi hufanya hivyo. Hali iliyohifadhiwa ni picha ya RAM ilivyokuwa dakika ile, na toleo jipya la VirtualBox mara nyingine hukataa picha iliyopigwa na toleo la zamani. Ikikataa, unalazimika kuitupa hiyo hali, na kwa Windows ni sawa na kukatikiwa umeme. Diski inabaki, lakini kazi ambayo hukuisevu inapotea. Wewe ulikuwa na jedwali la mauzo ya mteja wa Buguruni limefunguka, hujalisevu.

Basi tukarudi nyuma kidogo. Ubuntu haifuti kerneli ya zamani mara moja. Tuliwasha laptopu tukibonyeza Esc hadi menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli ya kuwashia, ikatokea, tukaingia "Advanced options for Ubuntu", tukachagua ile ya 5.15. Kwenye fremu ya zamani mlango wa zamani ukakaa. Windows ikafunguka pale pale ulipoiacha, jedwali likiwa wazi. Ukalisevu, ukazima Windows kwa utaratibu wake. Nilikuona ulivyoshusha pumzi. Kama mtu ana haraka ya kazi ya siku hiyo, anaweza hata kubaki kwenye kerneli ya zamani siku mbili tatu amalize ritani zake, halafu ndiyo atengeneze. Si aibu, ila asikae huko miezi, maana marekebisho ya usalama yanakwenda kwenye kerneli mpya.

Baada ya hapo kazi ilikuwa fupi. Tukarudi kwenye 6.8, tukaitoa ya zamani:

sudo apt remove virtualbox-6.1

Amri hii haigusi folda la "VirtualBox VMs". Tukafungua faili la hazina ya Oracle lililoko /etc/apt/sources.list.d, tukaiwasha tena, na palipoandikwa jammy tukaweka noble, kwani hayo ndiyo majina ya Ubuntu 22.04 na 24.04. Kisha sudo apt update, na sudo apt install virtualbox-7.1. Moduli ikachongwa bila lawama. Nyongeza iitwayo Extension Pack nayo ilibidi ipakuliwe upya, kwa sababu lazima namba yake ilingane na ya VirtualBox yenyewe. Ukibaki na ya zamani utapata makosa mengine ukadhani kazi haikufanikiwa.

Saa tisa na nusu alasiri Windows yako iliwaka. Ulinitumia ujumbe tarehe 18 kwamba ritani zote mbili zimekwenda. Nimefurahi sana mwanangu. Ila mara nyingine ukitaka kupandisha toleo, zima Windows kabisa, nakili folda, ndipo ujiunge bando.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi, naishi Sinza. Laptopu yangu ina prosesa ya AMD Ryzen na Ubuntu 24.04. VirtualBox ilikuwa inafanya kazi vizuri, sikupandisha toleo lolote, nilikubali tu masasisho ya kawaida. Sasa nikiwasha mashine pepe napata VERR_SVM_IN_USE. Moduli ipo, nimehakikisha. Nimeshaingia bayosi (mipangilio ya laptopu kabla Ubuntu haijawaka) nikazima na kuwasha tena SVM, ule uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, hakuna badiliko. Pia natumia emuleta ya Android, yaani simu ya kuigiza ndani ya laptopu, kwa mradi wangu wa mwisho, hiyo haina shida. Nimechoka.*
*Mwanafunzi, Sinza*

Marahaba mwanangu. Umetaja emuleta mwishoni kama jambo la pembeni, kumbe ndilo lililonionyesha njia.

Hukupandisha toleo, lakini kerneli yako ilipanda. Ubuntu 24.04 ya mezani hupewa kerneli mpya zaidi kadiri miezi inavyokwenda, na ukiandika uname -r nadhani utaona 6.14 au mpya zaidi. Sasa sikiliza. Ndani ya Linux kuna mtambo mwingine wa mashine pepe uitwao KVM, na ndio unaotumiwa na emuleta yako. Zamani KVM ilikuwa inakaa kimya, haiushiki uwezo wa SVM wa prosesa mpaka mtu awashe mashine. Kuanzia kerneli 6.12, iliyotoka Novemba 2024, ikapewa tabia ya kuushika uwezo huo mara tu moduli yake inapopakiwa, hata kama hakuna mashine inayowaka. VirtualBox ikifika inakuta kiti kina mtu. Wenye prosesa za Intel hukutana na tatizo hilo hilo kwa jina la VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE.

Kwa leo, ili ufanye kazi yako:

sudo modprobe -r kvm_amd

Wa Intel aandike kvm_intel. Ukizima na kuwasha laptopu itarudi.

Kwa kudumu, utaona watu wanashauri kuizuia KVM isipakiwe kabisa. Wewe usifanye hivyo, utaua emuleta yako katikati ya mradi. Irudishie tabia yake ya zamani. Fungua /etc/default/grub, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza ndani ya alama za kunukuu, baada ya maneno yaliyopo, haya:

kvm.enable_virt_at_load=0

Sevu, endesha sudo update-grub, washa upya. Hapo wote wawili watakaa nyumba moja kwa zamu. Nasisitiza zamu: emuleta ikiwa inawaka, VirtualBox haitawaka. Funga moja ndipo ufungue nyingine.

Na bayosi iache sasa. SVM yako haikuwa imezimwa. Ingekuwa imezimwa hata emuleta isingewaka.

*Dada, habari za kazi. Nasimamia kompyuta za chuo kidogo cha ufundi Mbagala. Mashine moja tuliisasisha bayosi, na tangu hapo VirtualBox imekufa. vboxconfig inachonga moduli vizuri, lakini sudo modprobe vboxdrv inajibu "Key was rejected by service". Sijabadilisha ufunguo wowote.*
*Msimamizi, Mbagala*

Nzuri kaka, poleni na majukumu. Ufunguo unaotajwa hapo si wa mlango wala si nenosiri lako, ni sahihi ya kidijitali. Kusasisha bayosi kumekuwashia tena ile kinga iandikwayo Secure Boot. Hakikisha kwa mokutil --sb-state. Kinga hiyo ikiwa imewaka, kerneli hukataa moduli isiyo na sahihi inayoifahamu. Ni mlinzi wa getini anayetaka kuona barua. Mgeni anaweza kuwa mwema kabisa, bila barua haingii.

Njia ya mkato ni kuizima Secure Boot, na kwa mashine ya mafunzo isiyo na siri sitakulaumu. Lakini mimi ningempa mgeni barua. Tengeneza ufunguo kwa sudo update-secureboot-policy --new-key, kisha:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Utaulizwa utunge nenosiri la matumizi ya mara moja. Tumia herufi ndogo na tarakimu tu, kwa sababu skrini utakayoliandikia huitafsiri kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani, na alama nyingine huhama vitufe. Washa upya na usiondoke. Itatokea skrini ya bluu inayongoja sekunde chache tu. Usipobonyeza kitufe inapita na itabidi urudie amri ya mokutil na kuwasha upya. Wengi hapa ndipo wanapokwama, wameenda kunywa maji. Chagua "Enroll MOK", endelea, kubali, andika lile nenosiri. Ubuntu ikishawaka endesha tena sudo /sbin/vboxconfig. Kama VirtualBox yenu ni ile ya hazina ya Ubuntu yenyewe, endesha badala yake sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms.

*Bi. Fundi, shikamoo. Kila kerneli ikipanda VirtualBox inanisumbua. Je, nihamie KVM moja kwa moja? Mashine yangu ya Windows nitaipoteza?*
*Msomaji, Kigamboni*

Marahaba. Kama Windows hiyo unaitumia kila siku kwa kazi, na kompyuta ni yako wala hutaihamisha mashine kwenda Windows au Mac, ndiyo, hamia. KVM imo ndani ya kerneli yenyewe tangu Februari 2007, toleo la 2.6.20, kwa hiyo fremu ikibadilika mlango unabadilika nayo. Hakuna cha kuchonga. Utaiendesha kwa virt-manager, yenye madirisha kama ulivyozoea, ingawa kushirikiana mafolda na Windows ni kugumu kidogo kuliko VirtualBox, hilo nakwambia mapema.

Mashine hutaipoteza. Izime kabisa, kisha geuza diski yake:

qemu-img convert -p -f vdi -O qcow2 zamani.vdi mpya.qcow2

Kama VirtualBox yako ilikuwa na snapshoti, yaani hali za nyuma za mashine ulizozihifadhi, zifute kwanza kupitia VirtualBox yenyewe ili zijumuishwe kwenye diski kuu, la sivyo utageuza Windows ya miezi iliyopita. Katika virt-manager chagua diski iwe ya SATA, ile ya kawaida, si virtio, aina maalumu ya mashine pepe, kwa sababu Windows yako haina draiva za virtio bado na itakwama inapowaka. Na kama kule ilikuwa inawaka kwa bayosi ya kawaida, huku nako chagua hivyo hivyo. Windows inaweza kukuomba uithibitishe leseni upya kwa kuwa imeona mashine ngeni, basi uwe na namba yake karibu.

Uwe na nafasi ya kutosha, maana amri hiyo haifuti vdi. Utakuwa na diski mbili kwa pamoja. Ile ya zamani iache hapo hapo hadi umetumia mpya mwezi mzima, umefunga hesabu za mwisho wa mwezi, umechapa risiti, na printa imekubali.